Siku Kumi na Nne Ndani ya Chumba: Kisa cha Mama wa Isiolo



 Juma hili tumekusudia kuwaletea kisa tulichokisikia kwa masikio yetu katika mji wa Isiolo. Ni kisa cha mwaka 2020, mwaka wa korona, na huenda baadhi yenu mkasema, "Sheikh, hayo yamekwisha pita, ya nini kuyafukua?" Jawabu letu ni kuwa mtihani hupita, lakini somo lake hubaki, na mwanafunzi asiyelitazama kosa lake hulirudia katika mtihani unaofuata. Nasi, kama mtakavyoona mbele, tuna kosa letu ambalo hatujalitazama vya kutosha.

Tulikwenda Isiolo kwa mwaliko wa madrasa moja ya wanawake, kusomesha darsa za siku tatu. Sisi watu wa pwani tumezoea ardhi iliyo sawa na bahari, na safari ile ni ngeni kwetu. Gari hupanda hadi Nanyuki, baridi ya Mlima Kenya ikakuingia mifupani. Kisha ukiipita Timau barabara huanza kuteremka, joto likarudi, na mbele yako ikafunguka nchi pana ya rangi ya mchanga. Hapo ndipo ulipo Isiolo, mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Kwa miaka mingi lami ya barabara kuu iliishia hapo, na aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale hakuwa na budi kuingia vumbini.

Asubuhi ya pili mwenyeji wetu alitutembeza nje ya mji. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye maisha yake yote ameishi na ng'ombe na ngamia. Akanyoosha fimbo yake kuelekea uwanda wa miiba na nyasi kavu, akasema, "Sheikh, huku ndiko karantini."

Tulidhani ulimi umemteleza. Naye akacheka, akatueleza. Tangu zama za Mwingereza, mifugo itokayo kaskazini ilikuwa ikizuiwa Isiolo kabla ya kuruhusiwa kuteremka kwenye masoko na mashamba ya kusini, kwa kuhofia homa ya mapafu ya ng'ombe na maradhi mengine. Wanyama walikaa hapo, wakachunguzwa, wakachanjwa, na walioonekana wazima wakapewa ruhusa ya kuendelea na safari. Baada ya uhuru serikali iliendelea kuvitumia viwanja hivyo kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto wa mchungaji wa Isiolo, akasema mzee, huanza kulijua neno karantini kabla hajajua kuandika jina lake.

Tena hawakuzuiwa wanyama peke yao. Chini ya Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934, mtu wa kaskazini hakuweza kwenda atakako bila ya kibali cha mkoloni. Kwa hiyo masikioni mwa wazee wa huko neno hili lina sauti mbili: sauti ya tiba na sauti ya kifungo.

Tulimkumbusha mzee kwamba jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, kwani hadithi ile ilisema na kazi yake. Kisha akanyamaza kidogo, akatuuliza swali ambalo hadi leo tunatembea nalo.

"Sheikh, ng'ombe akitoka karantini thamani yake hupanda. Mnunuzi humtaka yeye kabla ya mwingine, kwa sababu amepimwa akaonekana mzima. Mpwa wangu alikaa karantini, akapimwa, akaonekana mzima, akarudi hapa nyumbani. Watu wakamkimbia. Hebu nieleze: ng'ombe ametuzidi nini?"

Hatukuwa na jawabu. Alasiri ile akatupeleka kwa mpwa wake, mtaa wa Bulapesa. Ni mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka arobaini hivi. Aliketi na mzee na shangazi yake, akatusimulia yaliyompata, na akaturuhusu tuyaandike kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

SAFARI ILIYOKATIKA

Mama huyu alikuwa Dubai mwanzoni mwa mwaka 2020, kwa mdogo wake aliyejifungua. Alikwenda kumlea mzazi mpaka atoke arobaini, kama ilivyo ada. Alipokuwa huko, tarehe 13 Machi, Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Tarehe 22 Machi Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kuwa ndege za abiria kutoka nje zitasimamishwa kuanzia usiku wa tarehe 25, na kwamba kila atakayeingia kabla ya hapo atakaa karantini ya lazima katika mahali palipoteuliwa na serikali, kwa gharama yake mwenyewe.

Aliipata ndege ya tarehe 24. "Nilikuwa na mama yangu mgonjwa hapa Isiolo," akatuambia. "Ana sukari, na moyo umechoka. Nikasema bora nizuiwe Nairobi kuliko kuzuiwa ng'ambo ya bahari."

Walifika usiku. Kulikuwa na msongamano, maswali, fomu, na watoto wanaolia. Wakaelezwa kuwa wapo watakaokwenda katika vituo vya umma, kama mabweni ya vyuo, na wapo watakaokwenda hotelini, kila mtu kwa uwezo wake. Wakati ule bei ya vituo vya umma ilitajwa kuwa shilingi 2,000 kwa siku, na hoteli zilipita hapo. Vituo vilikuwa vikijaa, na mama hakutaka kulala bweni moja na watu asiowajua. Akaingia basi la hoteli, akapewa chumba ghorofa ya nne, na mlango ukafungwa nyuma yake. Kaka zake wa Isiolo walichanga wakamtumia pesa kwa simu. Sehemu nyingine aliikopa kwa jamaa wa Eastleigh, na deni lile alilimaliza kulilipa baada ya mwaka na zaidi.

Hapa tunataka msomaji aelewe jambo. Tukisikia "hoteli" sisi wengine akili hukimbilia mapambo na vyakula. Akina mama wengi wa mtaani kwake walisema hivyo hivyo: "Yeye alikuwa akistarehe hotelini." Hebu tuitazame starehe yenyewe.

CHUMBA CHENYEWE

Kilikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja, bafu na dirisha lililofunguka kiasi cha kiganja. Kutoka dirishani aliona uwanja wa magari usio na magari, na mti mmoja wa mkangazi. Chakula kiliwekwa mlangoni ndani ya kisanduku cha karatasi. Mletaji alibisha mara mbili akaondoka, na yeye alisubiri hatua ziishe ndipo afungue. Asubuhi na jioni alikuja muuguzi aliyejifunika gubigubi, akampima joto la mwili kwa kile chombo kinachoelekezwa kwenye paji la uso, akaandika, akaenda zake. Kwa siku nzima maneno aliyoambiwa ana kwa ana yalikuwa hayazidi kumi.

Siku ya kwanza alilala, akaamka, akalala tena. Siku ya pili alitazama simu tangu asubuhi hadi macho yakamuuma: idadi ya waliokufa Italia, idadi ya waliokufa Uhispania, uvumi wa dawa za kila namna. Usiku usingizi ukamkataa. "Sheikh, nilihisi kuwa siku hazipiti," akasema. "Saa tatu asubuhi nilitazama saa. Nikakaa, nikakaa, nikatazama tena. Saa tatu na robo."

Siku ya tatu akampigia mama yake, akalia. Yule mama mgonjwa, aliyekuwa kitandani Isiolo, akamwuliza neno moja: "Umewahi kukaa eda?" Akajibu hapana, alhamdulillahi, mumewe yu hai. Mama yake akasema, "Mimi nimekaa. Miezi minne na siku kumi. Aliyeiweka ile hakuiweka iwe tupu. Wewe una siku kumi na nne. Zipange."

Wapenzi wasomaji, hapa tulisimamisha kalamu yetu. Ni kweli kwamba wanawake wa Kiislamu wanayajua haya kuliko sisi wanaume. Eda wanaijua. Arobaini ya uzazi wanaijua. Fungate wanaijua. Lugha yetu ya Kiswahili ina neno kutawa, yaani kukaa ndani na kujistahi, na kutokana na neno hilo hilo humwita mcha Mungu mtawa. Hata neno karantini, ukilifuata hadi Italia lilikotoka, maana yake ni arobaini: siku arobaini ambazo wenye bandari waliwazuia mabaharia wa merikebu kabla hawajashuka. Mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulianza na siku 30 mwaka 1377. Siku arobaini zikafuata baadaye. Mahujaji wa zamani walizuiwa katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, kabla ya kufika Jidda. Na sisi wa pwani tunakijua kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja, ambacho jengo lake lilijengwa liwe gereza, kisha likawa mahali pa kuwazuia wasafiri kwa hofu ya maradhi.

JINSI ALIVYOZIPANGA

Mama yule alizigawa siku zake kwa sala tano. Hakuwa na msikiti karibu wa kumwadhinia, akaweka adhana katika simu. Aliuliza kama apunguze sala kwa kuwa yu safarini. Jamaa yake mwenye elimu akamjibu kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi: msafiri aliyejua kuwa atakaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huyo ni mkaazi, na husali sala zake kwa ukamilifu. Naye alijua kuwa atakaa kumi na nne. Basi akasali rakaa nne nne, na akasema kuwa jambo hilo lilimpa utulivu: alijiona mkaazi, si mtu aliyetupwa njiani.

Kibla cha Nairobi ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Alipotandaza msala wake mara ya kwanza kwa kufuata dira ya simu, alitambua kuwa Isiolo nayo iko upande ule ule, kaskazini na mashariki kidogo. Kila aliposimama kwa Mola wake uso wake ulikuwa karibu umeelekea kwao.

Baada ya Alfajiri alisoma adhkari, akafagia chumba kwa kitambaa kilicholowa, akafua nguo moja bafuni na kuianika juu ya kiti. Baada ya hapo alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua saba kwenda na saba kurudi, mara mia moja. Adhuhuri alizungumza na watoto wake kwa simu, akawasomesha hesabu na herufi, maana shule na madrasa zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi. Habari za maradhi alijiruhusu mara moja kwa siku, baada ya Alasiri, kwa dakika chache. Na Magharibi ilikuwa ya mama yake.

Utotoni, katika chuo cha Kurani hapo Isiolo, alikuwa ameihifadhi Suratul Mulk, na mama yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza jioni akirudi. Ndoa, watoto na biashara zikaisahaulisha. Sasa mama yake akamwambia airudishe, aya chache kila siku, na kila jioni amsomee kwa simu. Akikosea, yule mgonjwa alimsahihisha kwa sauti iliyochoka lakini isiyosamehe kosa la madda.

Katika chumba cha pili alikuwamo kijana mmoja, Mkristo, aliyekuwa akisoma ng'ambo. Hawakuwahi kuonana. Siku ya nne kijana alizungumza kutoka dirishani kwake, akasema, "Mama, hiyo sauti ya alfajiri inaniamsha kila siku." Mama akaanza kuomba radhi. Kijana akasema, "La, usiizime. Ndiyo inayonijulisha kuwa siku nyingine imeanza." Tangu hapo, kila usiku kabla ya kulala, kijana alibisha ukutani mara tatu, na yeye akabisha mara tatu, ili kila mmoja ajue kuwa mwenziwe mzima.

SIKU YA TISA

Alhamisi, tarehe 2 Aprili, kabla ya Alfajiri, simu ililia. Wasomaji wetu mmekwisha fahamu. Mama yake alikuwa amefariki dunia usiku ule. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa ameshasomewa aya kumi na sita.

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kilomita zisizofika 300; ni safari ya saa tano hivi kwa gari. Akawapigia wahusika simu, akaomba. Wakamwambia kwa upole kuwa haiwezekani: amebakisha siku, na vipimo havijarudi. Maiti ya Muislamu haicheleweshwi. Asubuhi ile ile mama yake alioshwa, akakafiniwa, akasaliwa na watu wachache kwa kufuata masharti ya wakati ule, akazikwa. Kaka yake alimshikia simu aone. Picha ikawa inakatika. Aliona mchanga, akaona miguu ya watu, picha ikaganda.

"Nilipiga ukelele mmoja," akatuambia. "Kisha nikanyamaza kwa kumwogopa Mungu."

Kijana wa chumba cha pili aliusikia ule ukelele. Akabisha ukutani mara tatu, mchana, si saa yake. Yeye hakuweza kujibu. Kijana akangoja, akabisha tena. Akaendelea kubisha kila baada ya muda, hadi Adhuhuri, mpaka alipojibiwa.

Yule jamaa mwenye elimu akamkumbusha kuwa katika madhehebu ya Shafi kuna salatul ghaibu, sala ya kumsalia maiti aliye mji mwingine, na kuwa mwanamke naye sala yake ni sahihi. Akatawadha, akasimama mbele ya dirisha lile akielekea kaskazini, akatoa takbira nne. Hakuwa na imamu wala safu nyuma yake. Alimsalia mama yake peke yake, ndani ya chumba cha kukodi, na kisanduku cha chakula kikiwa mlangoni hakijafunguliwa.

Siku tatu za tanga alizikaa humo. Hakuna jirani aliyeingia na sufuria ya uji, wala bibi wa kumshika bega, wala hitima ya kuisikiliza. Siku ya kumi akasimama, akaanza aya ya kumi na saba. Zilibaki aya kumi na nne na siku tano. Akasoma tatu tatu, na siku ya mwisho mbili. Kila Magharibi aliziseti saa na msala wake kama zamani, akasoma kwa sauti, ingawa hakuna aliyemsahihisha.

Tarehe 7 Aprili muda wake ukatimia, na majibu yalionyesha kuwa hana maradhi. Lakini tangu saa moja jioni ya tarehe 6, serikali ilikuwa imefunga njia zote za kutoka na kuingia Nairobi na viunga vyake. Siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale, kama mnavyokumbuka. Aliutoka mlango mmoja, akaukuta mwingine umefungwa. Akaenda kwa jamaa zake Eastleigh, akafunga Ramadhani huko. Tarehe 6 Mei Eastleigh nayo ikafungwa, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, siku moja. Alisali Idi chumbani kwa watu.

Kuna jambo dogo alilotuhadithia la wakati huo. Isiolo ina akina mama wengi wanaofanya biashara ya maziwa ya ngamia, na soko lao kubwa ni Eastleigh. Njia zilipofungwa kwa watu, mizigo ya chakula iliruhusiwa. Asubuhi moja mwenyeji wake alimwekea kikombe cha maziwa ya ngamia, akamwambia yametoka kwao. Alikishika kile kikombe muda mrefu. "Maziwa yamepita," akasema, "mimi sikupita."

KURUDI NYUMBANI

Njia za Nairobi zilifunguliwa alfajiri ya tarehe 7 Julai. Siku hiyo hiyo alipanda gari. Alikuwa amekaa zaidi ya miezi mitatu bila kuliona kaburi la mama yake wala nyuso za wanawe. Alitazamia kuwa akifika, wanawake wa mtaa watakuja kumpa mkono wa tanzia, kwani hakuwa ameupata.

Hawakuja. Wawili walisimama nje ya ua, wakasalimu kwa mbali. Wengine waliwakataza watoto wao wasicheze na wa kwake. Dukani alipokea chenji iliyowekwa juu ya kaunta, isiguse kiganja. Jina likamshika: "yule wa karantini." Hofu ile ilikuwa na sababu zake, wala hatuwadharau walioogopa, maradhi yalikuwapo na yaliua. Lakini yeye alikuwa amekwisha pimwa, na miezi mitatu ilikuwa imepita. Waliomkimbia ndio ambao hawakuwa wamepimwa.

Hapo ndipo tulipolielewa swali la mzee. Na jawabu lake, kwa kadiri ya fahamu yetu, ni hili: kwa ng'ombe tuliifanya karantini kuwa uchunguzi, na kwa binadamu tukaifanya kuwa adhabu. Hatukuwa peke yetu katika kosa hilo. Mwezi ule wa Aprili hata waliokamatwa usiku kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, na mashirika ya haki za binadamu yakapaza sauti. Mwezi wa Mei serikali ikatangaza kuwa itabeba gharama za wanaowekwa katika vituo vya umma. Lakini fikra ilikuwa imekwisha ingia mioyoni: aliyewekwa karantini ana hatia.

Dini yetu haikufundisha hivyo. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu, akaambiwa kuna tauni huko, alishauriana na watu kisha akaazimia kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kuwa wanaitoka kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu; akampigia mfano wa mtu na ngamia wake walioingia bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mwingine mkavu: popote atakapowalisha ni kwa kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipokuja na elimu ya hadithi, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Na katika riwaya ya Bibi Aisha (R.A.) imekuja kuwa anayebaki mahali pake wakati wa tauni, akasubiri na kutaraji malipo kwa Mola wake, ana ujira mfano wa ujira wa shahidi. Zingatieni, ndugu zetu: mwenye kujizuia kwa ajili ya wenziwe ametajwa pamoja na shahidi. Nasi tukamtaja kama mfungwa.

KOSA LETU

Tuliahidi kulitaja kosa letu. Mtaani kwetu, hapa pwani, mwaka ule ule, jirani yetu mmoja alirudi kutoka kituo cha karantini. Tulijua siku aliyorudi. Tulikuwa tukisomesha watu haki za jirani kwa miaka zaidi ya ishirini. Lakini kwa wiki tatu tulipita njia ya pili kwenda msikitini, tukajisemea kuwa ni tahadhari. Haikuwa tahadhari, kwa sababu tungeweza kusimama mlangoni, kwa umbali, tukamwambia karibu nyumbani. Ilikuwa ni woga uliovaa kanzu. Tulimwendea baadaye tukamwomba radhi, akatusamehe; lakini zile wiki tatu hatuwezi kumrudishia.

Kwa hiyo hatuandiki haya kama watu waliofaulu. Na maradhi hayakwisha duniani. Huenda kesho likaja jingine. Likija, tuusianeni haya machache.

Aliyetengwa azipange saa zake tangu siku ya kwanza kwa sala tano, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo wengi hupunjika ndani yake. Awe na kitu kimoja cha kukikamilisha, hata kiwe sura moja fupi, na awe na mtu mmoja wa kumsikiliza. Habari za kutisha azipe kipimo kama anavyoipa chumvi kipimo. Na akifiwa akiwa mbali, aijue sala yake.

Walioko nje wachange kabla ya kuombwa, kwani karantini huacha madeni. Wapige simu kila siku kwa saa maalumu. Na siku mwenzao atakapotoka, awepo mtu wa kumpokea. Mikono ikikatazwa kushikana, ulimi haukukatazwa kusema; ua likiwa limefungwa, sahani ya chakula huweza kuwekwa mlangoni na mtu akasubiri kwa mbali, aonwe kuwa amekuja.

Siku yetu ya mwisho Isiolo, baada ya darsa, mama yule alituletea chupa ya maziwa ya ngamia ya kunywa njiani. Tulimwuliza kama amewahi kumpata yule kijana wa chumba cha pili. Akasema hakuwahi kuuliza jina lake, wala yeye la kwake. Siku ya kutoka walitolewa kwa saa tofauti. Alibisha ukutani mara tatu kabla ya kuondoka, akajibiwa.

"Ninamwombea," akasema. "Ninasema, Mola, yule wa chumba cha pili. Yeye anamjua."

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama wa Isiolo aliyezikwa bila ya binti yake kuwepo, na kila aliyezikwa mwaka ule kwa mkono wa wachache. Amlipe kila aliyejizuia kwa ajili ya wenziwe. Atusamehe sisi tuliopita njia ya pili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.